Shilingi Elfu Mbili za Inua Jamii: Mwongozo Kamili kwa Mlezi wa Mtu Mwenye Ulemavu Mkali

Mpango wa serikali ya Kenya wa kuwapa pesa taslimu watu wenye ulemavu mkali ulianza mwaka wa 2011. Leo uko chini ya mwavuli wa Inua Jamii, pamoja na ule wa wazee waliofikisha miaka 70 na ule wa mayatima. Kiwango chake ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba nzima, na kimekaa hapo kwa zaidi ya miaka kumi huku unga, mafuta ya kupikia na nauli vikipanda. Ukigawa kwa siku 30 unapata shilingi 66 na senti kidogo. Hakuna hesabu itakayozifanya pesa hizo zitoshe kuendesha nyumba, na sitajaribu kukudanganya kwamba ipo.

Ninachoamini ni kwamba udogo wa pesa hizi ni nusu tu ya shida. Nusu ya pili ni kutojua zitafika lini. Mpango ulibuniwa ulipe kila baada ya miezi miwili, yaani elfu nne kwa pamoja. Kuna vipindi umelipa kila mwezi, na kuna vipindi malimbikizo ya miezi kadhaa yameachiliwa kwa mkupuo. Katikati ya hapo nyumba hukopa ikingoja, na siku pesa zinapofika zinalipa deni na kuisha. Kwa hivyo hatua zilizo hapa chini zina shabaha mbili: kukutoa katika mkopo wa kungojea, na kuhamisha kila gharama inayoweza kuhamishwa kwenda kwenye huduma ambazo tayari ni haki yako, ili pesa taslimu zibaki kwa chakula na utunzaji.

Nazungumza na mlezi kwa sababu ndiye anayezipokea. Mpango huu unalenga mtu anayehitaji kutunzwa saa zote, kulishwa, kuoshwa na kulindwa, kwa hivyo malipo hupitia mikononi mwa anayemtunza.

Hatua ya 1: Hakikisha njia ya malipo haijakatika

Kabla ya kupanga matumizi, angalia mambo matatu. La kwanza ni kitambulisho. Jina na nambari iliyo kwenye orodha ya mpango zilingane na kitambulisho cha mlezi herufi kwa herufi. Malipo mengi yanayokwama hukwama hapa.

La pili ni laini ya simu. Iwe imesajiliwa kwa jina lako mwenyewe, si la kijana wa jirani aliyekununulia wala la mume aliyeondoka. Malipo yamekuwa yakihama kutoka benki kwenda kwenye mfumo wa eCitizen na simu, na laini yenye jina la mtu mwingine itakusumbua.

La tatu ni uhakiki. Kila mara serikali inapotangaza kwamba wanufaika wahakikiwe, nenda katika siku za mwanzo. Asiyehakikiwa huhesabiwa kuwa hayupo. Ikiwa unayemlea hawezi kutoka kitandani, mwarifu chifu au naibu wake mapema kwamba maafisa watahitaji kufika nyumbani, na ufanye hivyo mbele ya mtu atakayekumbuka kwamba ulisema.

Malipo yasipoonekana wakati majirani wamelipwa, usikae ukingoja awamu ijayo. Piga 1533, nambari ya bure ya mpango, kisha nenda kwa afisa wa maendeleo ya jamii katika kaunti ndogo yako. Huyu ndiye mwenye faili lako. Chifu anasaidia, lakini faili haliko kwake. Andika tarehe uliyopiga simu, jina la aliyekuhudumia na alilokuambia. Mlalamishi mwenye tarehe husikilizwa tofauti na anayesema tu kwamba hajalipwa siku nyingi.

Kama bado hujaingizwa kwenye mpango, anza kwa chifu na afisa huyo huyo. Fahamu kwamba nyumba ambayo tayari inapokea pesa za mpango mwingine wa aina hii, au iliyo na mtu wa pensheni au mshahara wa kila mwezi, kwa kawaida haichukuliwi. Nafasi ni chache kuliko wenye haja, na hilo linaumiza, lakini aliyesajiliwa akangoja yuko mbele ya ambaye jina lake halipo popote.

Hatua ya 2: Weka daftari la tarehe kabla ya daftari la matumizi

Watu hufundishwa kuandika walichotumia. Kwako wewe, andika kwanza pesa zilifika tarehe gani na zilikuwa za miezi mipi. Baada ya awamu nne au tano utaona umbali mrefu zaidi kati ya malipo mawili. Huo ndio unaopangia, si ule unaotangazwa redioni. Ikiwa umewahi kungoja miezi mitatu, panga kana kwamba utangoja mitatu tena.

Siku pesa zinapoingia, zigawe kabla ya kutoka nyumbani. Tuseme zimeingia 4,000 na unajua kwamba huenda ukangoja majuma kumi na mawili. Hiyo ni kama shilingi 330 kwa juma. Kiasi hicho kinavunja moyo, lakini kinakuambia ukweli kwamba pesa hizi ziingie kwenye vitu vinavyokaa, kama mahindi, maharagwe, sabuni ya mche na chumvi. Nyanya, maziwa na sukuma wiki zitoke kwenye pesa za vibarua, za mauzo madogo au za kijana anayekutumia mia mbili. Kanuni ninayoishikilia ni hiyo: pesa zinazokuja kwa mkupuo zinunue vinavyodumu, na zinazokuja kidogo kidogo zinunue vinavyoharibika.

Malimbikizo ya miezi mingi yakiingia pamoja, lipa madeni ya chakula kwanza, kisha utenge walau elfu moja usiyoigusa. Hiyo elfu ndiyo itakayokuvusha kuchelewa kwa mara ijayo bila kukopa. Nyumba ikiweza kuivusha awamu moja tu bila deni, awamu inayofuata inapokelewa ikiwa nzima.

Hatua ya 3: Ziba matundu ya ada na mikopo ya simu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bila mtu kuona. Kwa ada za M-Pesa zilizopo, kutoa kiasi chochote kati ya shilingi 101 na 2,500 kwa wakala hutozwa shilingi 29. Anayetoa mia tano mara nne amelipa 116 ili apate elfu mbili zake. Anayezitoa kwa mara moja amelipa 29. Na elfu nne zikitolewa mara moja ada ni 69, lakini zikitolewa elfu mbili mara mbili ni 58. Zaidi ya hayo, kulipa dukani kwa nambari ya Till ya Lipa na M-Pesa hakumkati mnunuzi chochote, na kumtumia mtu shilingi 100 au chini ya hapo ni bure. Duka la mahindi likiwa na Till, huna haja ya kwenda kwa wakala hata kidogo.

Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa unaokuruhusu kulipa zaidi ya salio lako, ni adui mkubwa wa nyumba inayosubiri Inua Jamii, nami nalisema hili kwa uchungu kwa sababu huwashika walio na bidii zaidi. Tangu viwango viliposhushwa mwaka wa 2022, anayedaiwa kati ya shilingi 1,501 na 2,500 hutozwa shilingi 20 kila siku, mbali na ada ya kuanzia ya asilimia 1. Siku 30 ni shilingi 600. Hiyo ni karibu theluthi moja ya malipo yako ya mwezi, na bado hujapunguza deni lenyewe. Tena, pesa yoyote inayoingia kwenye laini yenye deni la Fuliza humezwa kwanza. Kama malipo yako hupitia laini ya M-Pesa, deni litayala kabla hujayaona. Okoa Jahazi, mkopo wa muda wa maongezi wa Safaricom, nayo hukata asilimia 10, kwa hivyo kredi ya shilingi 50 unayokopa unapewa 45.

Ukilazimika kukopa, mpangilio wangu ni huu. Anza na chama chako, kile kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Kisha duka linalokuuzia kwa daftari bila kuongeza bei. Ulizia bei ya taslimu na bei ya deni, kwa maana mara nyingi hazifanani. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali unaopatikana kwa *254#, ina riba ya asilimia 8 kwa mwaka na ni nafuu kuliko mikopo mingi ya simu, lakini muda wake ni siku 14, nawe hujui kama pesa zako zitafika ndani ya siku hizo. Kuna kitu kimoja cha kukataa kabisa: kumwachia mwenye duka au mkopeshaji kadi ya benki, kitambulisho au laini ya simu kama dhamana. Wanaofanya hivyo huwa hawaoni tena malipo yao yakiwa kamili.

Hatua ya 4: Hamisha gharama zinazohamishika

Shilingi 2,000 hazikuwekwa ili zilipe dawa, kiti cha magurudumu na karo. Hizo zina milango yake.

Mlango mkuu ni usajili katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na watu wengi walio kwenye Inua Jamii hawajui kwamba huo ni usajili tofauti. Mtu anaweza kupokea pesa miaka mitano bila kuwa na kadi ya Baraza. Huanza kwa tathmini ya madaktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, kisha usajili wenyewe kupitia eCitizen. Piga simu au tuma mtu aulize siku ya tathmini kabla ya kumbeba mgonjwa. Hospitali nyingi zina siku moja tu maalum kwa juma, na nauli ya boda au probox kwa mtu asiyeweza kuketi ni gharama ya kuumiza ikienda bure. Ukifika, mweleze daktari siku nzima ya mgonjwa ilivyo: nani anamgeuza, anakula vipi, usiku kunakuwaje. Wazazi wengi huona aibu na kusema mtoto anaendelea vizuri, na karatasi inaandikwa hivyo.

Kwa kadi hiyo unaweza kuomba vifaa vya kujimudu kama viti vya magurudumu, magongo na vifaa vya kusikia, usaidizi wa masomo, na ruzuku kwa vikundi kupitia mfuko wa Baraza. Mtu mwenye ualbino anaweza kupata losheni ya kukinga jua bila malipo. Kuna foleni, kwa hivyo omba leo kifaa utakachokihitaji mwaka ujao. Nje ya Baraza kuna Mfuko wa Kitaifa wa Walemavu wa Kenya, uliozinduliwa mwaka wa 1980, ambao hutoa vifaa vya kazi kama cherehani pamoja na viti vya magurudumu. Kuna pia APDK, shirika la watu wenye ulemavu wa viungo Kenya, lililoanza mwaka wa 1958, ambalo hutengeneza na kurekebisha viti. Watu wa Pwani wanalijua kupitia karakana yake ya Bombolulu, Mombasa. Kiti kilichochongwa kwa kipimo cha mwili hudumu kuliko cha msaada kilichotoka popote, na humwepusha mgonjwa na vidonda.

Mlango wa pili ni afya. Tangu Oktoba 2024 SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, imechukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani. Jisajili kwa *147# au kupitia mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako, wale waliopewa mikoba na simu mwaka wa 2023. Usajili ni bure. Ukishasajiliwa, huduma za zahanati na kituo cha afya hugharimiwa na mfuko wa afya ya msingi hata kama hujalipa mchango. Mchango unahitajika kwa hospitali kubwa, na kwa asiye na mshahara kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, zinazodaiwa za mwaka mzima mara moja: 3,600. Hiyo ni karibu Inua Jamii ya miezi miwili. Maswali ya kupima uwezo wa nyumba yajibu kwa ukweli mtupu, hata kama paa na choo chako vinakutia haya, maana majibu hayo ndiyo yanayopanga kiasi utakachodaiwa. Kisha mwulize mhudumu huyo na chifu kuhusu orodha ya watu wasiojiweza wanaolipiwa na serikali, na uombe jina lako lipelekwe.

Kwa mtoto, tafuta kituo cha tathmini ya elimu katika kaunti yako kabla ya kumpeleka shule yoyote, na uombe basari ya eneobunge na ya kaunti zote mbili. Maombi yake yaende na nakala ya kadi ya Baraza.

Hatua ya 5: Chakula

Mahindi ndiyo yanayobeba nyumba nyingi, na bei yake hufuata msimu. Mavuno ya North Rift huanza kuingia sokoni kuanzia Oktoba na bei hushuka. Kufikia miezi ya Mei na Juni huwa imepanda. Malipo yakiangukia Novemba au Desemba, weka sehemu kubwa kwenye mahindi hata kama ina maana ya Krismasi bila nguo mpya.

Kununua gunia peke yako huenda kusiwezekane. Walezi watano wakichanga kwa gunia moja la kilo 90, kila mmoja anapata kilo 18, yaani gorogoro tisa, kwa bei ya gunia badala ya bei ya gorogoro. Yaanike mpaka punje ivunjike kwa meno bila kubonyea, uyatie kwenye gunia lisilopitisha hewa, uyainue kutoka sakafuni. Mahindi yenye unyevu huota sumukuvu, ile aflatoksini, ambayo kupika hakuiondoi. Yaliyobadilika rangi tupa, usimpe hata kuku.

Saga posho mill bila kukoboa. Unga huo una lishe zaidi kuliko wa pakiti na kwa kawaida ni nafuu. Kwa mtu asiyeweza kutafuna, kama wengi wenye mtindio wa ubongo, pondaponda maharagwe au saga omena iliyokaushwa ukoroge kwenye uji. Uji mtupu hujaza tumbo, lakini mwili unazidi kunyauka, na mwili ulionyauka huchubuka haraka.

Maharagwe yaloweke usiku kucha, umwage yale maji, uyachemshe yakitokota kwa nguvu kwa walau dakika kumi, kisha uyafunike ndani ya kikapu kilichosheheni matambara au blanketi kuukuu. Yataendelea kuiva yenyewe, nawe umeokoa makaa au gesi ya saa nzima.

Hatua ya 6: Utunzaji unaozuia gharama

Kidonda cha kulalia ndicho kinachofilisi nyumba. Kikishafunguka, kuna bandeji, dawa, nauli za kila juma, na wakati mwingine upasuaji. Kukizuia hakuhitaji pesa. Mgeuze aliyelala kila baada ya saa mbili, mchana na usiku kadiri mnavyoweza kupokezana. Anayeketi kitini ainuliwe au ainamishwe kidogo kila nusu saa. Kila asubuhi kagua visigino, nyonga, mgongoni chini na nyuma ya kichwa. Ukiona wekundu au weusi usiofifia baada ya kumgeuza, usipasugue wala usipakande. Mwondoe kabisa kwenye upande huo na umwite mhudumu wa afya siku hiyo hiyo.

Nepi za watu wazima zinaweza kula malipo yote ya mwezi zikiachwa zitawale. Tumia za dukani kwa usiku na kwa safari za hospitali. Mchana tumia vitambaa vya pamba vilivyokatwa kutoka mashuka ya zamani, vikunjwe mara kadhaa, vifuliwe kwa maji moto na kuanikwa juani. Jaribu pia kumpeleka haja kwa saa maalum, baada ya kuamka na baada ya kila mlo. Si kila mtu ataweza, lakini wapo waliopunguza nepi sana kwa njia hiyo, hata wale ambao familia ilikuwa imekata tamaa nao.

Dawa za kifafa zisipunguzwe ili zifike mwisho wa mwezi. Kuzikatiza ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma, na gharama ya usiku huo ni kubwa kuliko dawa za mwaka. Anza kuzitafuta juma moja kabla hazijaisha. Zahanati ikikosa, bado una siku za kuulizia kituo cha afya.

Kuhusu stima, nina jambo moja tu. Anayetumia chini ya uniti 30 kwa mwezi huwekwa kwenye bei ya chini kabisa ya nyumbani, kwa kuangalia wastani wa miezi mitatu. Mita ya tokeni inayotumiwa na wapangaji kadhaa haiwezi kubaki hapo.

Hatua ya 7: Pesa ndogo ya pembeni ya mlezi

Mlezi hawezi kwenda mbali, kwa hivyo kazi imfuate nyumbani: kuku wa kienyeji, kushona, kusuka nywele, kuuza makaa kwa mkebe. Usianze kwa pesa za Inua Jamii zenyewe. Anza kwa zamu yako ya chama, ili biashara ikifa chakula kisife nayo. Chama cha walezi wenzako kina faida ya pili kubwa kuliko pesa: wanajua kugeuza mgonjwa, na mmoja wao anaweza kukaa na wako saa tatu ukaenda sokoni. Ukiwa na kadi ya Baraza, uliza pia ofisi ya kaunti kama kuna msamaha wa ada za soko kwa watu wenye ulemavu.

Hatua ya 8: Linda pesa, na linda nafasi ya mlezi

Usajili haulipiwi. Malipo hayana fungu la mtu yeyote, awe wakala, mzee wa mtaa au karani. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, kwa hivyo hupokei fadhila ya kumshukuru mtu kwa mia mbili. Nambari ya siri usimpe hata anayekuita kwa jina lako kamili na kudai yuko Nairobi. Kama huoni vizuri au hujui kusoma, nenda kwa wakala na mtu yuleyule unayemwamini kila mara, na umwombe akusomee salio kwa sauti kabla na baada ya kutoa.

Halafu kuna jambo ambalo familia hukwepa kulizungumza. Wewe mlezi ukiugua au ukifariki, malipo yatasimama, kwa sababu yako kwa kitambulisho chako. Kubadilisha mlezi hupitia kwa chifu na afisa wa maendeleo ya jamii, na huchukua muda. Chagua sasa atakayekushika mkono, awe na kitambulisho na laini yenye jina lake, ajue faili liko ofisi gani. Mwonyeshe daftari la tarehe, mahali kadi ya Baraza ilipo, na ratiba ya dawa. Mfundishe kumgeuza mgonjwa na kumlisha bila kumpalia, kisha umwachie siku moja nzima ukiwa bado upo karibu, umsahihishe.